Ngumi: Nani wa Kutupa Taulo?

Usiku wa Ijumaa moja nilikuwa nimekaa barazani baada ya Isha, kikombe cha kahawa tungu mkononi, mara dada yangu akatokea na mwanawe nyuma yake. Hata hali sikuulizwa. "Kaka," aliniambia, "zungumza na mpwa wako. Mimi nimesema mpaka ulimi umenikauka."

Kijana mwenyewe, ambaye ana miaka 17 na mabega yaliyoanza kujaza mlango, aliniamkia kwa adabu, akakaa kitako akitazama vidole vya miguu yake. Shauri lenyewe lilikuwa ni hili: ataka kucheza ngumi. Tena si kucheza kwa kupitisha wakati, bali kujiunga na chama, kufanya mazoezi kila jioni na kupanda ulingoni. Alikuwa na fomu mfukoni iliyotaka sahihi ya mzazi. Babake yuko Ghuba kwa kazi, na mamake ameapa kwamba kalamu yake haitagusa karatasi ile.

Nikajitayarisha kutoa waadhi. Kabla sijafungua kinywa kijana akaniwahi. "Mjomba," alisema, "si wewe uliyenisimulia habari za Muhammad Ali?"

Hapo nilinyamaza, msomaji, kwani ni kweli. Mimi ndimi niliyemsimulia.

Tulipokuwa watoto chuoni, hapa hapa Mombasa, jina la Muhammad Ali halikuwa na tofauti na majina ya mashujaa wa visa vya kale. Maalim wetu alikuwa mtu mkali ambaye bakora yake haikujua likizo, na michezo yote kwake ilikuwa ni upuuzi. Lakini siku moja alitukuta tukibishana juu ya ngumi, akasimama akasikiliza. Kisha akatwambia kwamba huyo ni Mwislamu aliyekubali kuvuliwa ubingwa wa dunia mwaka 1967 kuliko kwenda kupigana vita asivyoviamini, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila ya kuruhusiwa kupanda ulingoni. Baada ya kusema hayo akatuamrisha turudi kwenye juzuu zetu. Kwetu sisi ile ilikuwa ni rukhsa tosha. Tangu siku hiyo kila aliyekuwa na ngumi nzito mtaani aliitwa Muhammad Ali, na aliyepigwa aliitwa Foreman.

Februari 1980 bwana huyo alifika Afrika Mashariki kwa miguu yake. Alikuwa ametumwa na Rais Carter wa Marekani kuzishawishi nchi zetu zisiende kwenye Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Dar es Salaam Mwalimu Nyerere hakutaka kumwona, akihisi ni dharau kutumiwa mwanamichezo kwa jambo la siasa. Nairobi alipokewa vizuri zaidi. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Picha yake ya gazetini niliikata kwa wembe nikaibandika ukutani, nikapata kofi kwa sababu gazeti lilikuwa bado halijasomwa.

Hayo yote nilikuwa nimemhadithia mpwa wangu, pamoja na usiku wa Kinshasa wa tarehe 30 Oktoba 1974, jinsi Ali alivyoegemea kamba akamwacha George Foreman apige mpaka achoke, kisha akamwangusha katika raundi ya nane. Tuliiita ile akili, na ilikuwa akili kweli. Lakini usiku ule sikumwambia kijana kwamba akili hiyo ililipiwa kwa mbavu, kwa figo na kwa kichwa. Nilikuwa nimempa nusu ya hadithi, ile nusu tamu.

Basi nikampa na nusu ya pili. Nilimwambia habari za Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, ambako Ali na Joe Frazier walipigana raundi 14 katika joto la kuchemsha damu. Nilimwambia habari za Septemba 1977, Ali alipopigana na Earnie Shavers, mtu aliyekuwa na mkono kama nyundo. Ali alishinda kwa pointi. Lakini daktari wake, Ferdie Pacheco, aliyekuwa naye miaka mingi, alipata matokeo ya vipimo yaliyoonyesha kwamba figo zake zinaharibika. Akaandika barua, akazipeleka kwa Ali na kwa watu wake, akiwaambia imetosha. Hakujibiwa. Daktari akafunga mkoba wake akaondoka. Na tarehe 2 Oktoba 1980, miezi minane tu tangu alipokuwa mgeni wetu, Ali mwenye miaka 38 alisimama mbele ya Larry Holmes, kijana aliyewahi kuwa mwenziwe wa mazoezi, akapigwa raundi 10 mfululizo mpaka mwalimu wake Angelo Dundee akakataa kumwachia atoke tena. Juu ya hayo, mwaka uliofuata alirudi tena kupigana na Trevor Berbick, akashindwa.

Mwaka 1984 ikatangazwa kwamba ana maradhi ya Parkinson. Waliomwona Atlanta mwaka 1996 akiwasha mwenge wa Olimpiki waliuona ule mkono, mkono ambao hapo zamani jicho halikuweza kuufuata kwa wepesi wake, ukitetemeka kama jani la mnazi. Alifariki Juni 2016 akiwa na miaka 74, Mungu amrehemu. Madaktari wamebishana juu ya kiasi gani cha maradhi yale kilitokana na ngumi, na kiasi gani kingemfika hata angekuwa muuza duka. Mimi siingilii kati yao. Ninalolishika ni kwamba daktari wake alisema imetosha, na palikuwa na watu wazima chungu nzima ambao wangeweza kusema vivyo hivyo wakanyamaza.

"Lakini huyo alikuwa mzee," mpwa wangu alinijibu. Kijana ana ulimi.

Nikamuuliza kama amepata kusikia jina la Robert Wangila. Alilisikia, ila hakujua mwisho wake. Hili lilinisikitisha, kwani ni msiba wetu wenyewe. Mwaka 1988 huko Seoul, Wangila alimwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welter, akaleta nyumbani dhahabu ya ndondi. Kabla yake Philip Waruinge alikuwa ameleta shaba ya Mexico 1968 na fedha ya Munich 1972, na Ibrahim Bilali shaba ya Los Angeles 1984. Dhahabu ilikuwa haijapata kuonekana. Hata leo, dhahabu zote za Olimpiki tulizonazo Wakenya ni za wanariadha, isipokuwa hiyo moja ya Wangila.

Kisha akaenda Marekani kutafuta riziki ya ndondi za kulipwa. Julai 1994, mjini Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Katika raundi ya tisa mwamuzi akasimamisha pigano. Sasa sikiliza, msomaji, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha jambo: Wangila alilalamika. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, anasema, anapinga, anataka kuendelea. Muda mfupi baadaye akazimia, na tarehe 24 Julai akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Nakumbuka nilivyozipokea habari zile. Nilikuwa kijana mwenye kutamani ushairi, nikaandika beti sita ambazo hakuna aliyezichapisha, na kwa haki. Mmoja tu ndio uliobaki kichwani mwangu:

Ngumi si mchezo duni, wala sineni kwa chuki,
Ila kichwa cha mwandani, si ngoma ya mashabiki,
Dhara liko ubongoni, machoni halifunuki,
Mtupe taulo chini, kwani uhai ni haki.

Huo mshororo wa tatu ndio nilioutaka kijana aufahamu, nami nikamfahamisha kwa nazi. Palikuwa na nazi mbili jikoni. Nikaichukua moja nikaitikisa sikioni mwake, akasikia maji yakichapa ndani. Nikamwambia: kifuu hakikupasuka, wala nje hakuna alama, lakini umesikia kinachotokea ndani. Ubongo wa binadamu nao umekaa ndani ya maji, ndani ya fupa gumu. Kichwa kikipigwa kikageuka ghafula, fupa husimama na ubongo huendelea, ukajigonga upande huu na upande huu. Mishipa midogo ya damu hunyooshwa, na pengine mmoja hukatika. Damu ikivuja polepole baina ya fupa na ubongo, mtu huweza kuzungumza, kulalamika, hata kucheka, na kifo kiko ndani kinajaza nafasi yake.

Hiyo ni hatari ya ghafula. Iko na nyingine, ambayo haina haraka. Mwaka 1928 daktari mmoja wa New Jersey, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakitembea kwa kuyumba na kusema kwa kukokota ulimi kama walevi, ilhali hawakunywa. Watu wa ngumi walikuwa wakiijua hali hiyo zamani, wakiichekea. Mwaka 1973 huko Uingereza, Corsellis na wenziwe walichapisha uchunguzi wa bongo za mabondia 15 waliokwisha kufa, wakaonyesha kwa macho uharibifu ambao Martland aliukisia. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba maradhi haya hayahitaji mtu aangushwe hata mara moja. Hujengwa na mapigo madogo, maelfu kwa maelfu, ambayo hakuna anayeyahesabu.

Na mengi ya mapigo hayo hayapigwi mbele ya watu. Hupigwa mazoezini, jioni baada ya jioni, kijana na mwenziwe, pasipo daktari wala mwamuzi. Sisi hubishana juu ya pigano la usiku mmoja tulilolilipia kiingilio, na miaka mitano ya mazoezi iliyolitangulia hatuiulizi.

Alhasili, madaktari hawakunyamaza. Novemba 1982 bondia wa Korea, Kim Duk-koo, aliangushwa na Ray Mancini katika raundi ya 14 huko Las Vegas, akafa siku chache baadaye. Mamake hakumaliza mwaka. Dunia ilishtuka. Chama cha Madaktari wa Uingereza kikawa kinataka ndondi zipigwe marufuku, na Januari 1983 mhariri wa jarida kubwa la madaktari wa Marekani, George Lundberg, akaandika kwamba mchezo huu haufai katika jamii iliyostaarabika. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamu: michezo mingi huumiza kwa bahati mbaya, ila huu lengo lake ni kuumiza.

Wasomaji wangu wa mwambao watapenda kujua kwamba maulamaa walifika pale pale kwa njia nyingine. Oktoba 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka lilikaa kikao chake cha kumi, likaamua kwamba ndondi kama zinavyochezwa katika milingo yetu ni haramu. Sababu zilizotajwa ni kwamba kila mmoja huruhusiwa kumdhuru mwenziwe dhara kubwa, hata kumpofua, kumharibu ubongo au kumwua, kisha mpigaji asiwe na dhima yoyote, na umati ukafurahia kuumizwa kwa aliyeshindwa. Aliyesoma anajua pia makatazo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya kupiga uso, na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Mieleka ya kawaida isiyo na madhara haikukatazwa, na kisa cha Mtume kumbwaga Rukana kinajulikana na kila mwanafunzi wa chuo.

Mimi si shekhe wa kutoa fatwa, na mwenye kutaka hukumu ya dini aende kwa wenyewe. Lakini ilinistaajabisha kuona madaktari wa London na mafaqihi wa Makka, watu ambao hawasomi kitabu kimoja, katika miaka ile ile wameshika hoja zinazofanana kama mapacha. Hasa lile la furaha ya umati. Mwaka 1988 mimi nilipiga kelele za furaha Boudouani alipoanguka. Sikumuuliza mtu kama aliamka salama. Aliamka, Alhamdulillahi, na baadaye akawa bingwa wa dunia.

Basi mbona hazikupigwa marufuku? Zilipigwa, mahali pengine. Sweden ilikataza ndondi za kulipwa mwaka 1970, na Norway ikafuata miaka ya 1980 ilipoanza. Matokeo yake ni kwamba Cecilia Brækhus wa Norway, mmoja wa mabingwa wakubwa wa wanawake, alilazimika kuutafuta ubingwa wake ugenini. Norway ikaondoa marufuku yake mwaka 2014, na miaka miwili baadaye akapigana nyumbani Oslo mbele ya watu wake. Sweden nayo ilikwisha kulegeza.

Karibu zaidi na sisi, jirani zetu Zanzibar walizikataza ngumi baada ya Mapinduzi ya 1964, wakati wa Mzee Karume, aliyeona haipendezi watu wawili kutiwa ulingoni wakapigana. Marufuku yale yalidumu karibu miaka 60. Je, vijana wa Unguja waliacha? Waliokuwa na hamu walifanya mazoezi kimya kimya, na waliotaka kupigana walivuka kwenda bara. Hatimaye, chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi, mlango ukafunguliwa, na Januari 2024 Hassan Mwakinyo wa Tanga akapanda ulingoni kisiwani. Marufuku huuondoa mchezo mbele ya macho yetu ukaenda kuchezwa mahali pasipo daktari. Kwa hayo mimi sishabikii marufuku, ingawa moyo wangu, nikiri, uko karibu na maneno ya Lundberg.

Na kuna jambo jingine ambalo dada yangu hapendi nilitaje. Mita mia mbili kutoka nyumbani kwake kuna maskani. Vijana watano tuliowajua wakiwa watoto hukaa pale tangu asubuhi, wameinama, midomo imekauka, wanangojea unga. Wawili walisoma darasa moja na mpwa wangu. Hakuna mzazi wa Mombasa anayehitaji nimweleze unga umefanya nini katika mitaa yetu. Mtoto aliye ukumbini kila jioni, anayelala saa tatu kwa uchovu, asiyevuta hata sigara kwa kuogopa pumzi yake, huyo hayuko maskani. Tena katika nchi hii bondia mzuri huweza kupata ajira katika jeshi, polisi au magereza, na ajira ni jambo ambalo shahada siku hizi haiwezi kuliahidi. Dada anauogopa ulingo. Mimi naogopa maskani. Kati ya vitisho hivi viwili ndipo fomu ile ilipokuwa imelala juu ya mkeka wangu.

Watetezi wa ngumi wana haki ya kusema kwamba mchezo haukukaa pale pale. Sheria zilizoletwa kwa jina la Marquess wa Queensberry mwaka 1867 zilileta glavu, raundi za dakika tatu na hesabu ya kumi. Baada ya kifo cha Kim, Baraza la Ndondi la Dunia, WBC, lilishusha mapigano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12 mwaka 1983, na wengine wakafuata. Katika ndondi za ridhaa bondia aliyeangushwa kwa pigo la kichwa hupumzishwa kwa lazima siku zisizopungua 30.

Ila si kila kinachoonekana kinga ni kinga. Chukua kofia za kukinga kichwa. Zilivaliwa Olimpiki tangu 1984, na wazazi wote tulishusha pumzi. Mwaka 2013 wanaume wakaondolewa kofia hizo katika mashindano makubwa, na Rio 2016 wakapigana kichwa wazi. Wanawake wangali wanazivaa. Wakubwa wa mchezo walidai kwamba bila ya kofia mitikisiko ya ubongo hupungua, na wengi hawakukubali. Lakini kwa jambo moja hawakubishana sana: kofia huzuia ngozi kupasuka na sikio kuvimba, bali haizuii ubongo kugonga fupa. Izungushie nazi yako kitambaa kisha uitikise. Glavu nazo ni vivyo hivyo. Ziliwekwa zihifadhi mkono, na mkono uliohifadhiwa hupiga kichwa kwa nguvu zaidi na mara nyingi zaidi kuliko mkono mtupu.

Huko juu nako mchezo umekuwa na misukosuko yake. Chama cha kimataifa cha ndondi za ridhaa kilisimamishwa na Kamati ya Olimpiki mwaka 2019 na kutengwa kabisa mwaka 2023, kwa mambo ya fedha na uamuzi wa mapigano, na ikawa haijulikani kama ndondi zitabaki katika Olimpiki. Chama kipya, World Boxing, kikaundwa, na Machi 2025 ikakubaliwa kwamba Los Angeles 2028 ndondi zitakuwako. Mpwa wangu habari hiyo alikuwa nayo kwa tarehe. Mwaka 2028, alinikumbusha, atakuwa amefika miaka 20.

Nilifikiri juma zima. Nilichokiona, nikizipanga habari hizi moja baada ya nyingine, ni kwamba kofia, glavu, raundi na hesabu vyote huishia kwa mtu mmoja, yule anayesimama kando ya kamba na taulo begani. Nilikwisha kutaja Manila. Sikusema pigano lile lilikwishaje. Baada ya raundi ya 14 jicho moja la Frazier lilikuwa limefungika na la pili halioni vizuri. Mwenyewe alitaka kutoka kwa raundi ya 15, ya mwisho. Mwalimu wake, Eddie Futch, mzee aliyewahi kuona mabondia wakifa, akamkalisha kitako akamwambia yamekwisha. Huenda ubingwa wa dunia ulikuwa umebakiwa na dakika tatu, kwani upande wa pili Ali naye alikuwa hoi. Frazier alikasirika. Lakini aliishi miaka 36 mingine, akawaona wajukuu wake. Linganisha na wale waliozipokea barua za Pacheco wakazitia mfukoni.

Kwa hiyo Jumanne iliyofuata nilimchukua mpwa wangu tukaenda kwenye ukumbi anaoutaka, nikamwone huyo mwenye taulo. Ulikuwa ukumbi wa mtaa, bati juu, jasho na mafuta ya kuchulia yakinuka tangu mlangoni. Vijana kama ishirini na wasichana watatu. Mifuko ya mchanga miwili, mmoja umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Mwalimu alikuwa mtu wa makamo kunizidi kidogo, vifundo vya mikono vimevimba, sauti ya chini. Alinikaribisha, "Karibu ustadh," akanipa kiti pekee kilichokuwako.

Nilimuuliza kama yuko daktari. "Siku ya mashindano yuko," alinijibu. "Siku ya mazoezi niko mimi." Nilipenda kwamba hakunidanganya. Nikamuuliza vijana wake hupigana wao kwa wao mara ngapi. Akasema zamani, alipokuwa yeye akifundishwa, ilikuwa ni kila siku, na aliyelia alifukuzwa. Sasa ni mara moja kwa juma, tena kichwa kinaguswa kwa kipimo, na mwenye kupandisha hasira huteremshwa. Akanionyesha daftari la shule lenye majina na tarehe: nani aliangushwa, lini, na lini ataruhusiwa kurudi. Maandishi yenyewe mabaya, ila yalikuwako.

Mwisho nikamuuliza kama amepata kutupa taulo.

Alikaa kimya kidogo. "Mara mbili," alisema. "Mara ya pili kijana alikuwa anaongoza kwa pointi. Niliona mguu wake wa kushoto unachelewa. Hakunisemesha mwaka mzima, na babake alikuja hapa kunitukana."

"Na sasa?"

Akaelekeza kidevu upande wa pili wa ukumbi. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto wa miaka kumi na miwili, anamfunga kitambaa mikononi.

Nilirudi kwa dada yangu nikamweleza yote, bila ya kuficha. Nilimweleza Wangila na nazi, Makka na London, maskani na daftari lile. Nilimwambia kwamba nikiwa mimi nitatia sahihi kwa masharti: asipigane kabla ya kupimwa na daktari, nami niwe ukumbini kila siku ya mashindano, na siku mwalimu atakapobadilishwa mkataba wetu umevunjika. Alinisikiliza akichambua mchele, hakuinua macho. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu.

"Na huyo mwalimu siku hiyo akiwa mgonjwa, kaka, taulo atashika nani?"

Sikuwa na jibu. Fomu ingali juu ya kabati lake, pamoja na bili ya stima.